Mikono Chini ya Leso

Salma,

Huna haya wewe? Kabla sijakuuliza habari ya sanduku, kabla sijakuuliza kama umekula, nakuuliza hilo. Umekaa katika ukumbi wangu, juu ya mkeka wangu, mtoto wa watu amekuja kwa miguu yake kukuaga, nawe ukaficha mikono chini ya leso kama mtu aliyeiba. Nimeona. Usiniambie Bibi haoni vizuri. Nilivaa miwani, na ile video nimeitazama mara tatu, na mara ya tatu nikamrudishia mama yako mdogo Rehema simu yake kabla haijaniponyoka.

Nakuandikia kwa sababu nikikuweka mbele yangu nitapiga kelele, nawe utalia. Ukilia nitakuonea huruma, nikikuonea huruma nitakutilia chai, na mambo yatakwishia hapo. Nakujua na najijua. Karatasi hizi nimezichana katika daftari lako la zamani. Mimi nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, kwa hivyo herufi zitapanda na kushuka. Zisome hivyo hivyo.

Ya safari sina la kukwambia. Rehema ameshakwambia ya sweta na baridi ya Eldoret, na ya kutokula vitu vya njiani. Unakwenda kusomea uuguzi. Utavaa nguo nyeupe, utawashika wagonjwa, na wengine watakuwa watu wasio na mtu. Nimejisifu kwa hilo mtaa mzima wa Kuze. Nimejisifu mpaka kwa muuza kahawa, naye hata hakuniuliza. Tangu mama yako afe ukiwa na miaka minne sijapata kujisifu namna hiyo. Nimejisifu mpaka leo asubuhi.

Leo asubuhi Rehema alinikuta napepeta mchele. Akasimama mlangoni, buibui hakuvua.

“Mama, hebu tazama hii.”

“Nini?”

“Tazama tu. Nimetumiwa na mtu, naye ametumiwa na mtu.”

Nikatazama, nikaona ukumbi wangu. Nikaona pazia langu. Nikaona ni Jumapili ile, shughuli yako ya kuagana na wenzako, mimi niko jikoni nakaanga mahamri, nawasikia mkicheka, nikasema moyoni alhamdulillahi, nyumba ina vicheko. Sasa nikaona mlikuwa mkicheka nini.

Nilimwona mwenzenu Zuhura akiingia na sinia lake. Koni za hina amezipanga sawasawa, na kichupa cha mafuta ya mkaratusi, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Hina ile aliikoroga tangu juzi yake, maana hina nzuri yataka kulala. Akavua viatu, akakaa katikati ya mkeka, akakunja mikono ya dera lake.

“Haya, daktari wetu aanze,” akasema. “Salma, lete mkono.”

Nawe ukasema, “Mimi nimeshapaka.”

Umeshapaka wapi? Mikono yako ilikuwa mitupu. Asubuhi ile ile ilinioshea mchele. Ukaitia chini ya leso, na leso yenyewe ni yangu.

Nadra akasema, “Mimi hina yanidhuru.” Yule mwembamba wa Kibokoni akasema mama yake amemkataza. Mwingine akasema ana mtihani. Mtihani na hina, wapi na wapi? Mkaenda hivyo, mmoja baada ya mmoja, wasichana kumi na mmoja, nimewahesabu, na kila mmoja akimaliza sababu yake wengine hucheka kwa puani. Zuhura anageuka huku na huku na koni mkononi, anatabasamu, anangoja. Alidhani ni mchezo na yeye yumo.

Kisha Nadra akasema, “Basi jipake mwenyewe, Zuhura, usiende bure.”

Na Zuhura akajipaka.

Hapo ndipo nilipoketi chini, Salma, pale pale juu ya pumba za mchele. Sikutazamia. Nilitazamia atatukana, au atalia, au atanyanyuka. Yeye alicheka pamoja nanyi, akakiweka kiganja chake cha kushoto juu ya goti, akaanza kuchora ua. Akachora jani, akachora jingine, akapanda na kidole. Wewe hukuona kwa sababu ulikuwa umeinamisha uso, lakini simu iliona: alipofika kidole cha tatu mstari ulimpinda, akaupangusa kwa kile kitambaa cheupe, na mdomo bado watabasamu. Akamaliza mkono mzima. Akauinua, akasema, “Mzuri?” Hapana aliyemjibu.

Sasa nikwambie langu, ambalo halimo katika video. Alipotoka alipita jikoni.

“Bibi, mimi naenda.”

“Mbona mapema, mwanangu? Hujala.”

“Nimeitwa nyumbani.”

Nikamfungia mahamri katika karatasi. Akayapokea kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameuinua hewani hina isiharibike. Nami nikamwambia, “Leo wajipamba mwenyewe?” Akacheka, akaenda. Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu. Nyinyi kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili, tena nikampa na mahamri.

Rehema alipoondoka nikajitanda nikaenda sokoni Marikiti, nikajiambia nanunua maembe yako ya safari. Sikwenda kwa maembe. Nilikwenda kumtazama mama yake Zuhura usoni, nijue kama ajua. Nikamkuta kwenye meza yake ya ndimu na mchicha, na tabasamu lake lile lile.

“Bi Fatma, shikamoo. Salma wetu yuaondoka kesho?”

Salma wetu, asema.

“Marahaba. Kesho, inshallah. Basi la saa tatu.”

“Zuhura angekuja tena kumuaga, ila ana homa. Tangu Jumapili hatoki ndani.”

“Homa ya nini?”

“Hata sijui, Bi Fatma. Amechukua ndimu zangu, amechukua na jivu na dawa ya kufulia, yuasugua mkono. Namwambia hina hutoka yenyewe, ngoja siku zake. Hasikii. Ngozi imechubuka mpaka yatoa damu. Amekorogwa na nini mtoto huyu?”

Nikasimama pale na kikapu. Mahamali wanapita na magunia wakisema njia, njia, nami niko njiani mwao, mpaka mmoja akaniambia, “Mama, utavunjwa.” Mama Zuhura akanitilia ndimu kikapuni. Nikakataa. Akasema, “Za Salma hizo, za njiani, asitapike kwenye basi.” Hizo ndizo ndimu ulizoniuliza mchana mbona nyingi.

Nikarudi nikakuita, nikakuuliza kosa la Zuhura ni nini. Ukaniambia, “Alitoka kwenye grupu letu la simu bila kuaga, Bibi. Ajiona.” Simu yenyewe ni ya kaka yake, amezifuta grupu zote akaenda nayo kazini Shimanzi, hilo mama yake aliniambia pale sokoni bila hata kuulizwa. Mngemuuliza mngelijua. Nikakuuliza ni nani aliyepanga. Ukasema Nadra. Nikakuuliza, na wewe je? Ukasema:

“Tulikubaliana sote, Bibi. Mimi ni mmoja tu. Ningefanya nini?”

Nikatoka chumbani. Wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, niliogopa. Nilikwenda msalani nikajifungia, kwa sababu maneno hayo si yako. Hayo ni yangu. Nimeyasema mimi miaka arubaini iliyopita, hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, na nilidhani yalikufa na waliokufa. Sikukufunza mimi. Wallahi sikukufunza. Umeyatoa wapi?

Basi sikiza, nikueleze jambo ambalo hata marehemu mama yako hakulijua, na yeye mwenyewe alikuwapo.

Mama yako alikuwa ndio kwanza ajifunza kutembea. Kichochoro hiki chetu kilikuwa na wanawake ishirini na wanne, na tulikuwa kitu kimoja. Mtu akifiwa, hajui nani alichota maji wala nani alipika. Mtu akioza mwana, tunamenya vitunguu thumu siku mbili mpaka vidole vinanuka. Sufuria kubwa za arusi zilikaa kwangu, chini ya ngazi, na ufunguo nilikuwa naufunga kwenye ncha ya leso. Nilijiona mtu. Sufuria zikitoka kwangu, arusi ipo.

Na tulikuwa na kanuni yetu, haikuandikwa popote na hapana aliyejua nani aliitunga: asiyekuja kwenye mambo ya watu, na watu hawendi kwenye mambo yake.

Nyumba ya pembeni, pale sasa pana duka la vinyago, alikaa Bi Maimuna. Mpole, mikono mikavu ya kazi, hana maneno mengi. Mwaka ule akaanza kutuponyoka. Kwenye matanga ya mumewe jirani yetu Bi Zena alikuja akakaa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, akatoka mbio. Arusi ya kwa dada yangu hakuonekana. Hitima ya Ramadhani alituma sahani, mwenyewe hakuja. Ukimuuliza, asema, “Nisameheni, nimebanwa.” Amebanwa na nini? Watoto wakubwa, mume yuko. Tukasema, huyu ajiona.

Siku moja tumekaa kwangu twapara tangawizi, Bi Zena akasema, “Na yeye ana arusi ya bintiye mwezi ujao. Tutaona atakula na nani.” Tukacheka. Kisha mtu akasema, “Tumsuse.” Hivyo tu, neno moja, kama mtu aliyesema lete chumvi. Kila mtu akaendelea na tangawizi yake, na lilikuwa limepita.

Bi Maimuna akazunguka kualika, nyumba kwa nyumba, yeye na ndugu yake, wamevaa, wana mrashi wa marashi. Akanirushia marashi mikononi. “Bi Fatma, nyanyua miguu Alhamisi, wali wa arusi ya mwanangu Aziza.” Nikamwambia, “Inshallah, tutakuja na watoto.” Bi Zena akamwambia hivyo hivyo. Wote ishirini na watatu tukamwambia hivyo hivyo. Sisi watu wa mji huu hatujui kumwambia mtu hapana usoni. Twaona ni ukosefu wa adabu. Twajua kumwambia ndio, kisha tusende. Lau angepata mmoja wetu asiye na adabu, akamwambia, “Maimuna, watu wamekususa, usipike,” asingepika.

Akaja kuniomba sufuria. Nikampa nne, na mwiko mkubwa, na nilizisugua mimi kwanza mpaka zikang’aa. Nikamsaidia kuzitoa mlangoni. Nilimpa sufuria za kuwapikia watu ambao nilijua hawaji, nikamwambia Mungu aifanyie kheri.

Alhamisi ikafika. Baada ya adhuhuri kichochoro kizima kilinuka pilau. Nami nilikuwa nimevaa, Salma. Hilo ndilo usilolijua. Nilioga, nikajifukiza udi, nikavaa dera langu la hariri, nikakaa nyuma ya dirisha la juu nikachungulia nione nani ataanza. Nilijiambia, akienda mmoja, naenda. Hapana aliyekwenda. Niliona mapazia yakitikisika upande wa pili, na pazia la pili, na la tatu. Nikajua wamo, wananitazama kama ninavyowatazama. Nilicheka hata. Ilikuwa kama mchezo wa kujificha.

Karibu na alasiri Bi Maimuna akatoka nje. Amevaa leso mpya, ile ya sare aliyonunulia jamaa zake. Akasimama katikati ya kichochoro, akatazama madirisha. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayewaita watoto wake waje wale.

“Jamani, wali wapoa.”

Akaanza kugonga. Mlango wa kwanza, wa pili. Akafika wangu.

“Hodi, Bi Fatma. Bi Fatma, hodi.”

Nilikuwa nimeshuka, nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Nasikia pumzi zake. Baina yangu na yeye ni ubao tu. Mama yako nimempakata. Akasikia sauti anayoijua, akafurahi, akaanza, “Mmmu, mmmu,” ndivyo alivyomwita Bi Maimuna, maana alikuwa akimlea nikienda sokoni. Nikamziba mdomo mwanangu kwa kiganja. Nilimziba kwa nguvu mpaka macho yakamtoka. Nimesimama hivyo, nimejipulizia marashi, nimemziba mtoto wangu pumzi ili jirani asijue kuwa nimo nyumbani kwangu.

Ungeniuliza siku hiyo, ewe Fatma, wewe ni katili? Ningekutukana. Mimi, niliyenyonyesha watoto wa watu. Mimi, niliyeosha maiti wa jirani. Na Bi Zena ndiye aliyekesha nami mama yako alipokuwa na degedege. Katika wale ishirini na wanne sikumjua mbaya hata mmoja, na mpaka leo namtafuta simwoni.

Wali wote ule Bi Maimuna alikwenda akawaita mahamali wa Marikiti. Wakaja na vikoi vyao vya kazi, vumbi la magunia mabegani, wakala wamesimama ukutani na wengine wamechutama. Wao ndio waliokuwa wageni wa Aziza. Na Aziza aliletwa mlangoni aonyeshwe, bibi arusi, amepakwa hina mpaka viwikoni, na hapana mwanamke wa kuishika ile mikono akasema mashallah. Mzee mmoja katika mahamali akamwombea dua. Kisha akauliza, nami nilisikia kwa masikio yangu dirishani, “Majirani wako wapi, mama?”

Bi Maimuna akasema, “Wamefikwa na msiba mbali. Wote wamesafiri.”

Alituficha. Tuko juu ya kichwa chake, twamtazama, naye alitufichia aibu yetu mbele ya watu wa njiani.

Asubuhi yake alirudisha sufuria. Mwenyewe, moja moja, kichwani. Hakutaka msaada. Zote safi. Akaweka ya mwisho akasema, “Ahsante, dada. Na mwiko huu hapa.” Nikasema, “Haya, ahsante.” Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho hayo. Mwiko.

Mwezi haukwisha, wakahama. Siku ya kuhama nikaona kilichombana. Mahamali wawili wakashuka na kitanda cha kamba, na juu yake bibi mzee amefungwa kwa leso, mifupa mitupu, analia, “Mama, mama,” kama mtoto. Alikuwa mama mkwe wake. Akili ilimtoka. Akiachwa peke yake huvua nguo zote akatoka njiani, na Bi Maimuna alikuwa akimfungia ndani akimlinda, asiseme kwa mtu, kwa sababu bibi yule alikuwa mwanamke wa heshima katika mji na hakutaka watu wamcheke. Mwaka mzima, mlango wa tatu kutoka kwangu. Nilikuwa na muda wa kuhesabu arusi ngapi hakuja, sikuwa na muda wa kupiga hodi nikauliza kuna nini.

Tulilaumiana baadaye, ndio, chini kwa chini. Kila mtu alisema ni Bi Zena. Nami nilisema ni Bi Zena, nilisema hivyo miaka mingi, maana mdomo wake ulikuwa mkubwa na kila mtu aliamini. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumkanda miguu. Akaniambia, “Fatma, mimi nilisema tutaona atakula na nani. Maneno ya mdomoni. Nilidhani mtanikataza.” Akauvuta mguu wake. Kisha akasema, “Lakini tumsuse si mimi niliyesema. Wajua nani alisema.”

Najua. Ni mimi. Nimekwambia hapo juu “mtu akasema”. Hata katika barua hii nilitaka kupita nalo. Ni mimi niliyesema, na nilisema ili wacheke tena, kwa kuwa Bi Zena alikuwa amechekesha nami nilitaka nichekeshe. Hapakuwa na chuki hata chembe. Nimetafuta chuki niiungame, sina. Ningalikuwa nayo ningejielewa.

Na mmoja mmoja, miaka ikipita, wakaja kunieleza, mwingine arusini, mwingine hospitalini. Wote maneno ni hayo hayo. “Nilikuwa nimeshavaa, Fatma. Nilikuwa nangoja utoke wewe, maana sufuria ni zako.” Wanawake ishirini na wawili wamevaa, wananuka udi, wanaungojea mlango wangu ufunguke. Ni komeo moja tu. Ningelivuta, na kichochoro kizima kingetoka nyuma yangu na vigelegele.

Kwa hivyo usiniambie wewe ni mmoja tu. Nadra naye ni mmoja tu. Yule wa mtihani ni mmoja tu. Lau ungetoa mkono ule, Salma, ukasema, “Haya Zuhura, chora,” yule wa Kibokoni angetoa wake, mama yake angemruhusu papo hapo. Shughuli ni yako, nyumba ni yako. Walikuwa wakikutazama wewe. Itazame ile video, tazama macho yao yako wapi. Mimi nimeyaona, ndiyo maana nilikaa chini.

Sijamaliza. Bi Maimuna alikufa mwaka juzi, huko Kisauni. Nikaenda matangani. Nilijiambia, leo nitasema. Msichana aliyenipa kahawa hakuwa msichana tena, ana mvi, ni Aziza. Akanitazama sana. Akasema, “Mama, nakufananisha. Wewe si wa kichochoro chetu cha zamani?”

Nikamwambia, “La, umenifananisha.”

Mtu mzima mimi, miguu inauma, kaburi nalinusa, nimepanda gari mpaka Kisauni kusema neno moja, na neno lenyewe likaja hilo. Akasema, “Haidhuru, kunywa kahawa, Mama.” Nikanywa. Kumbe hata miaka arubaini haizibui mdomo uliojiziba mwenyewe. Kadiri unavyongoja ndivyo unavyozoea kungoja, na mimi nimezoea. Wewe ni siku tatu tu. Ile hina bado iko mkononi mwake, yamtazama kila akinawa. Hujachelewa, lakini ukipanda basi la saa tatu umechelewa, nakwambia mimi ninayejua. Utafika Eldoret, utapata wenzako wengine na grupu lingine, na Zuhura atakuwa jambo la Mombasa. Halafu siku moja atakupa kahawa.

Mimi Ijumaa Rehema atanipeleka Kisauni kwa Aziza. Nimeshamwambia. Hakuniuliza kwa nini, na ndimu moja katika zile nimeiweka mfukoni ili nisisahau.

Na wewe, sikiliza amri yangu, sikuombi. Kesho ukishaswali alfajiri, usinywe chai. Toka, pita nyuma ya Marikiti kabla malori hayajaziba njia, mlango wa pili baada ya mashine ya kusaga, wa rangi ya buluu. Nenda peke yako. Usimpigie Nadra simu, usimwambie mtu, na hiyo simu yako iache mezani kwangu. Piga hodi. Akifungua mama yake, msalimie, mpe shikamoo iliyonyooka, umwambie ulilomfanyia mtoto wake kabla hujaketi, kwa kuwa yeye hajui na amekupa ndimu. Kisha mwambie Zuhura haya: “Nilikuwa sijapaka. Nilificha mikono.” Usimtaje mwingine yeyote. Usilie, kwa sababu ukilia atakubembeleza yeye, na wewe hukwenda kubembelezwa. Akikufukuza, kaa kizingitini mpaka saa mbili. Akikupiga, pokea. Mkono wake uliochubuka, wewe muuguzi, uoshe kwa maji safi uufunge; kitambaa na mafuta nimekutilia katika mfuko wa kijani. Akitaka kukupaka hina, toa mikono yote miwili, ukae mpaka ikauke. Basi likikuacha na likuache, liko jingine.

Viatu vyako nimevigeuza, vinatazama mlango. Komeo nitakuwa nimelivuta mimi. Toka.

Bibi yako,
Fatma